Kutafuta amri ya kifungu cha 389

Kwa zaidi ya miezi minane ya masomo yangu ya uzamili nilitafuta andiko la sheria ambalo kila mtu aliniambia kwamba halipo. Wenzangu waliona ninapoteza muda, na kuna siku nami niliona hivyo. Leo, ninapowaongoza wanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi katika kazi zao za kwanza, natambua kwamba sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu utafiti wa sheria nilikipata katika miezi ile. Nataka kuieleza kwa utaratibu, kwa ajili ya wale wanaoanza.

Jambo lenyewe ni hili. Sheria ya ardhi ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaani Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Dola peke yake, mali isiyoweza kuhamishwa kwa mwingine wala kupotea kwa sababu ya muda kupita. Kifungu cha 387 kinaongeza kwamba ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji zinakuwa ardhi za Dola tangu siku sheria hiyo inapoanza kutumika. Kifungu cha 388 kinaeleza ni zipi, yaani zile ambazo jamii hizo zinaishi juu yake, zinazilima au zinazitumia kwa namna yoyote, mtu mmoja mmoja au kwa pamoja, kulingana na mila na desturi za mahali. Kisha kifungu cha 389 kinasema kwamba haki za kuzitumia ardhi hizo, ikiwa zilipatikana ipasavyo, zitaongozwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa. Nilipoanza masomo yangu mwaka 2017, ilikuwa miaka 44 tangu iahidiwe.

Niliandika kuhusu mkulima wa kijiji asiye na cheti cha ardhi, ambaye shamba lake limejikuta ndani ya eneo la kampuni ya mgodi. Anayeishi Katanga, eneo letu la migodi, hahitaji kuelezwa kwa nini nilichagua suala hilo. Sheria ya migodi, Sheria nambari 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, inamlazimu mwenye haki ya mgodi, katika kifungu cha 281, kumlipa fidia mkaaji halali wa ardhi. Lakini nani ni mkaaji halali, wakati kifungu cha 219 cha sheria ya ardhi kinasema kwamba haki ya kutumia ardhi huthibitishwa kisheria kwa cheti cha uandikishaji peke yake, na mkulima wetu cheti hicho hajawahi kukiona? Jibu linategemea kwa sehemu kubwa ile amri ya kifungu cha 389.

Katika sura yangu ya kwanza niliandika kwamba amri hiyo haijawahi kutolewa, na chini ya ukurasa nikawataja waandishi watatu waliosema hivyo kabla yangu. Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Msimamizi wangu, ambaye sisi huku tunamwita promota, alinirudishia karatasi zangu baada ya wiki mbili, na pembeni mwa sentensi ile alikuwa ameandika kwa penseli maneno mawili tu: «Nani alitafuta?»

Nilirudi kwa wale waandishi watatu. Wa tatu alimtegemea wa pili, wa pili alimtegemea wa kwanza, na wa kwanza hakumtaja mtu yeyote wala kueleza aliangalia wapi. Pengine alikuwa ametafuta kweli, na pengine alikuwa amesikia tu kwa mwalimu wake, lakini kwa kuisoma kazi yake nisingeweza kujua. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sentensi ambayo nchi nzima inairudia inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa haijathibitishwa, na kwamba mtafiti anayeirudia hajaongeza kitu, ameongeza sauti moja tu kwenye kundi la wasemaji.

Kuthibitisha kwamba andiko lipo ni kazi nyepesi: unaliona, unaandika tarehe yake, nambari yake na mahali lilipochapishwa. Kuthibitisha kwamba halipo ni kazi ya namna nyingine kabisa. Lazima kwanza ujiulize, kama lingekuwepo, lingekuwa wapi? Kwa sheria zetu jibu la kwanza ni Gazeti Rasmi. Ibara ya 142 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba sheria inaanza kutumika siku 30 baada ya kutangazwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe imepanga vingine. Ibara hiyohiyo inaiagiza Serikali kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu kutiwa sahihi na Rais. Fungu hilo la pili nimelisoma mara nyingi, na kila mara linaniumiza, kwa sababu katika vijiji nilivyotembelea sikukuta hata mtu mmoja aliyewahi kushika mkononi sheria ya ardhi katika Kiswahili.

Gazeti hilo limebadilisha jina kila nchi ilipobadilika. Lilikuwa gazeti rasmi la Dola Huru la Kongo, kisha la Kongo ya Wabelgiji, likaitwa Moniteur congolais baada ya uhuru, likawa Journal officiel la Zaïre, na tangu 1997 ni la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtafiti asiyeyajua majina haya atapotea maktabani, kwa maana orodha ya vitabu haimwambii kwamba yote ni chombo kimoja. Kwa kawaida hutoka tarehe 1 na tarehe 15 ya kila mwezi, pamoja na matoleo maalumu. Fanya hesabu: kutoka Julai 1973 hadi Julai 2018 ni miaka 45, na matoleo 24 kwa mwaka yanafika 1,080 bila kuhesabu yale maalumu.

Nilichora jedwali katika daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mwaka ulipata mistari 24, na kila toleo nililolishika na kulifungua nililiwekea alama, tarehe niliyolisoma na maktaba nilikolikuta. Nilianza na faharasa za mwisho wa mwaka pale zilipokuwepo, kisha nikagundua kwamba si kila amri iliyo ndani ya toleo imeingizwa katika faharasa, nikalazimika kurudi mwanzo na kufungua ukurasa kwa ukurasa. Nilitumia maktaba za chuo, za mawakili wawili wazee walioniruhusu kukaa sebuleni kwao siku za Jumamosi, na chumba cha nyaraka cha ofisi moja ambako umeme ukikatika tulihamisha vitabu hadi dirishani. Miaka mingine niliikuta kamili. Mingine ilikuwa na mapengo, na ipo ambayo niliona toleo moja moja tu. Mtandao ulisaidia, hasa tovuti ya Leganet inayokusanya sheria za nchi yetu, lakini tovuti inakuonyesha kile ambacho mtu amekiweka pale. Haikuonyeshi kile ambacho hakuna aliyekiweka.

Katika kazi hii nilijifunza kutenganisha sentensi tatu ambazo hapo awali niliziona kuwa sentensi moja. Ya kwanza: amri haikutolewa, maana yake Rais hakuitia sahihi. Ya pili: amri haikutangazwa, maana yake huenda ilitiwa sahihi lakini haikuingia katika Gazeti Rasmi. Ya tatu: mimi sikuiona. Ya kwanza sikuwa na uwezo wa kuisema kwa ushahidi wangu mwenyewe. Ya pili ningeweza kuisema kwa miaka ile tu ambayo matoleo yake yote niliyafungua. Ya tatu ndiyo niliyoweza kuiapia. Sura yangu ilipoandikwa upya, ile sentensi fupi ya mwanzo iligeuka aya nzima, ikieleza nimefungua matoleo gani, yapi hayakupatikana, na ni kwa nini pamoja na mapengo hayo nilikuwa na sababu ya kuamini kwamba amri haikutangazwa.

Sababu hiyo niliipata mahakamani, wala si katika Gazeti. Mahakama Kuu ya Sheria, iliyokuwa ya juu kuliko zote kabla ya kazi zake kugawanywa kati ya Mahakama ya Katiba, Mahakama ya Kasasioni na Baraza la Dola, iliwahi kuamua kwamba kwa kuwa amri ya kifungu cha 389 haijatolewa, haki za jamii za wenyeji juu ya ardhi hizo zinaendelea kuongozwa na mila. Majaji wanaoamua hivyo wameshakubali, kwa mamlaka yao, kwamba andiko halipo, na neno lao lina uzito ambao daftari langu halina. Isitoshe, Ibara ya 34 ya Katiba inalinda mali ya mtu au ya kundi iliyopatikana kwa mujibu wa sheria au wa mila. Ukivisoma vifungu hivi pamoja, mkulima asiye na cheti hasimami tena mikono mitupu. Ukisoma kifungu cha 219 peke yake, kama wanavyofanya mawakili wengi wa kampuni, umemfukuza shambani kabla kesi haijaanza.

Kuhusu hukumu za mahakama, hapa kwetu ugumu unajulikana: zinazochapishwa ni chache mno, na nyingine zinabaki katika ofisi ya karani wa mahakama, zimefungwa kwa kamba. Lazima uende na barua ya utafiti yenye muhuri, umsalimu karani kwa heshima, na ujue kusoma nambari. RC ni daftari la kesi za madai na RP la kesi za jinai. Herufi A ikiongezwa, RCA au RPA, unajua kwamba uko kwenye rufaa. Katika rasimu yangu nilikuwa nimenakili nambari ya hukumu moja kutoka kwenye kazi ya mwanafunzi aliyenitangulia, hukumu ambayo eti ilimpa mkulima fidia. Nilipolifungua jalada lenyewe, nilikuta ni kesi ya deni kati ya wafanyabiashara wawili, na neno shamba halikuwemo hata mara moja. Niliifuta hukumu ile, nikafuta na kurasa nne nilizokuwa nimezijenga juu yake. Tangu siku hiyo sitaji hukumu ambayo sijaisoma yote, maelezo ya tukio, sababu za majaji na amri ya mwisho, kwa sababu amri ya mwisho inakuambia nani alishinda, na ni sababu peke yake zinazokuambia kwa nini.

Mwezi Machi 2018, nikiwa katikati ya kazi, sheria ya migodi ilibadilishwa na Sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, na mwezi Juni ikafuata Dekreti nambari 18/024 iliyobadilisha kanuni za migodi za mwaka 2003. Rafiki yangu mmoja alinishauri niondoe sheria ya zamani na kuweka mpya kila mahali. Lakini migogoro niliyokuwa nikiichunguza ilikuwa imezaliwa kabla ya mabadiliko hayo, na haki ya mtu huangaliwa kwa sheria iliyokuwa ikitumika siku jambo lilipotokea. Nilibaki na maandiko yote mawili, kila moja katika safu yake, na tarehe juu. Hatari iliyo kinyume chake nayo ipo. Mwenzetu mmoja alikuwa amejenga sura nzima kuhusu kampuni za biashara za leo juu ya dekreti ya tarehe 27 Februari 1887, ilhali tangu tarehe 12 Septemba 2012 sheria za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, zinatumika katika nchi yetu na zimechukua nafasi ya ile ya kale. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Hakuna aliyemfundisha kuuliza kama andiko alilolishika bado liko hai.

Ikabaki mila. Mahakama ikisema kwamba mila ndiyo inayoongoza, mtafiti analazimika kusema mila hiyo inasemaje, na hapa Lubumbashi ina utajiri ambao wanafunzi wetu wengi hawaujui. Tangu 1933, mji huu ukiitwa bado Élisabethville, lilichapishwa hapa jarida la mahakama za wenyeji na sheria za mila za Kongo, na jaji Antoine Sohier alikuwa miongoni mwa waliolianzisha. Ndani yake kuna hukumu nyingi za vijijini kuhusu ndoa, urithi na mashamba. Nilizisoma kwa hamu, na baadaye kwa tahadhari. Mzee wa kijiji alisema kwa lugha yake, mkalimani akageuza, na msomi wa kikoloni akaandika kwa Kifaransa alichokielewa, akitumia maneno ya sheria ya Ubelgiji. Mila iliyopita katika midomo mitatu lazima iulizwe maswali yaleyale anayoulizwa shahidi.

Kosa hilohilo nililikuta katika daftari langu mwenyewe. Nilikuwa nimezungumza na mama mmoja mkulima, mtu mzima, ambaye aliniketisha kwenye mkeka, akanipa maji, na nilipomwuliza ardhi ile ni ya nani alinijibu: «Mwanangu, bulongo ni ya sultani, lakini shamba ni ya ule mwenye kulima.» Usiku, nikiandika kwa Kifaransa, niliweka kwamba ardhi ni mali ya chifu na shamba ni mali ya mkulima. Promota aliyasoma mahojiano na akaniomba nimpe maneno aliyoyasema Mama, kama alivyoyatamka. Nilipomsomea, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia: «Mama hakusema mali. Wewe ndiye uliyesema.»

Alikuwa na haki. Neno «ya» katika kinywa cha Mama lilibeba mambo mawili tofauti. Bulongo, yaani ardhi, ni ya sultani, yaani chifu, kwa maana kwamba iko chini ya ulinzi wake, yeye ndiye anayeigawa na kuombewa, wala hawezi kuiuza kama mbuzi. Shamba ni ya mwenye kulima kwa maana kwamba jasho lake limeingia pale, na hakuna wa kumwondoa maadamu analima. Niliporudi kwake kuuliza zaidi alinithibitishia hivyo, na akashangaa kwamba jambo lililo wazi namna hiyo linahitaji safari ya pili. Kwa kulitia neno mali katika maneno yake, nilikuwa nimempa chifu haki ya kuuza ambayo mila haimpi, na kampuni ingeweza kuitumia sentensi yangu kumlipa chifu peke yake na kumwacha Mama bila kitu. Jibu lake lilikuwa karibu zaidi na kifungu cha 388, kinachozungumzia kuishi, kulima na kutumia, kuliko tafsiri yangu. Ndiyo sababu katika tasnifu niliyaweka maneno yake kwanza kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na Kifaransa kikafuata chini yake na maelezo.

Nasema haya nikifikiria ukurasa ule unaopatikana karibu katika kila kazi ya sheria ya vyuo vyetu, ambapo mwanafunzi anaandika kwamba ametumia mbinu ya ufafanuzi wa maandiko na mbinu ya kisosiolojia, zikisaidiwa na usomaji wa nyaraka na mahojiano. Ukurasa huo hurithiwa kutoka kazi hadi kazi, na mara nyingi hauna uhusiano wowote na kile mwandishi alichokifanya. Mimi nisingependa ufutwe, ningependa uwe wa kweli: ueleze ni ofisi gani ulikwenda, ni jalada gani ulinyimwa, ni miaka gani ya Gazeti hukuiona, mahojiano yalifanyika kwa lugha gani na nani aliyageuza. Wanafunzi wangu wananiambia kwamba wanaogopa kuonyesha mapengo mbele ya baraza la watahini. Naielewa hofu yao, maana nilikuwa nayo. Siku ya utetezi wangu mtahini mmoja aliniuliza nina uhakika gani kuhusu miaka ambayo sikuipata. Nilifungua daftari, nikampelekea jedwali, akalipitia mstari kwa mstari huku ukumbi umenyamaza, kisha akaendelea na swali lingine.

Daftari lile bado ninalo. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja aliyekwenda kumwona shangazi yake katika mji mwingine alilikuta, katika sanduku la marehemu mjomba wake aliyekuwa karani, moja ya matoleo ya Gazeti la Zaïre ambayo sikuwahi kuyapata, akanitumia kwa simu picha za kurasa zake zote. Nilizisoma usiku uleule kuanzia jalada hadi mwisho: teuzi za maofisa, vyama vilivyopewa kibali, amri mbili za kodi. Nikaandika tarehe na jina la aliyelipata, nikaweka alama kwenye mstari wake, na nikamwomba amwulize shangazi kama sandukuni kuna mengine.